Je, Mzazi Aingie Mara Moja au Mara Mbili?

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu niseme machache juu ya jambo lililojadiliwa na Chama cha Kompyuta kwa majuma mawili mfululizo bila kumalizika. Naona halifai kubaki mikononi mwetu sisi tunaoshinda katika chumba cha mashine, kwa kuwa lawahusu walimu, na zaidi ya hao lawahusu wazazi wetu, ambao ndio watakaoulizwa kauli yao katika mkutano ujao.

Jambo lenyewe ni hili. Shule yetu ina tovuti yake, ambamo mzazi husoma tarehe za kufunga na kufungua, orodha ya vitu vya kuleta bwenini, na matangazo ya Mkuu wa Shule. Ndani ya tovuti hiyo limewekwa daftari la alama, yaani programu nyingine iliyotengenezwa na watu wengine, ikaonyeshwa katika ukurasa wa shule kama picha ndani ya fremu yake. Mzazi akitaka kujua mtoto wake amepata nini katika Hisabati, aingia kwanza katika tovuti kwa namba yake ya simu na neno la siri. Halafu abonyeza palipoandikwa Maendeleo ya Mwanafunzi, na hapo daftari la alama lamwuliza tena jina na neno jingine la siri, kana kwamba ni mtu aliyefika sasa hivi kutoka barabarani. Swali letu ni kama yafaa tovuti ya nje na programu ya ndani zishirikiane kumtambua mzazi, ili akiisha kuingia mara moja asiulizwe tena.

Mimi nasema yafaa. Walakini namna ya kushirikiana ndipo penye hatari, na wengi wa wenzangu wamepatazama upesi mno.

Nianze na taabu iliyopo. Wazazi wa shule hii si wa Tanga mjini peke yao. Wako wa Pangani na Kipumbwi, wako wa Moa na Mkinga, wako wa Handeni na Kilindi, na wengine wako milimani Lushoto. Mvuvi aliyekesha baharini hawezi kukumbuka maneno mawili ya siri, la nje na la ndani, ambayo ayatumia mara tatu au nne tu kwa mwaka. Basi hufanyaje? Huenda kwenye duka la steshenari, akamwambia kijana wa dukani, "Mwanangu, nifungulie." Likizo iliyopita nilikwenda kutoa nakala katika duka moja, nikaona juu ya meza, karibu na mashine, daftari la kurasa mia lenye majina ya watu, namba zao za simu, na maneno yao ya siri yameandikwa kwa kalamu ya wino mwekundu ili yaonekane vizuri. Mwenye duka simlaumu sana. Wateja wenyewe humsihi awatunzie, naye huwatunzia. Lakini tangu siku ile siikubali hoja ya wale wasemao kwamba maneno mawili ya siri ni ulinzi mara mbili. Mtu akipewa maneno mengi kuliko awezayo kukumbuka huyaandika, na yakiandikwa hayana siri tena.

Sisi wa Kidato cha Nne tena tumekaribia kuyaona mengi zaidi. Matokeo yakitoka, atakayetaka kubadili tahasusi ataingia katika mfumo wa TAMISEMI uitwao Selform. Atakayefika chuo kikuu na kuhitaji mkopo atafungua mfumo wa Bodi ya Mikopo uitwao OLAMS, na kabla ya hapo atakuwa amepita RITA kuhakikisha cheti chake cha kuzaliwa. Kila mlango na jina lake na neno lake. Mambo ya serikali sina uwezo nayo, ila hapa shuleni twaweza kujifunza namna iliyo njema.

Yafaa tujue kwanza kwa nini daftari la alama huuliza mara ya pili, maana wengine hudhani ni ukaidi wa waliolitengeneza. Seva ya tovuti ni sahaulifu kwa asili. Kila ukurasa unaoombwa, kwake ni kama ombi la mgeni mpya. Mwaka 1994 Lou Montulli, aliyekuwa akitunga programu katika kampuni ya Netscape huko Marekani, alipata dawa ya usahaulifu huo: seva humpa mgeni alama ndogo, kivinjari chake huitunza, na kila arudipo huionyesha. Alama hiyo yaitwa kuki. Kivinjari hutunza kila kuki chini ya jina la tovuti iliyoitoa, wala hakimwonyeshi mwingine. Na hivyo ndivyo ipasavyo, maana kama kingekuwa mlegevu, tovuti yoyote ya habari za mpira ingeweza kuisoma kuki ya benki yako.

Sasa tovuti ya shule ina jina lake na daftari la alama lina jina lake. Kwa macho yetu moja limo ndani ya jingine, lakini kwa kivinjari hizo ni nyumba mbili. Tena siku hizi vivinjari vimezidi ukali. Tangu Machi 2020 Safari, kivinjari cha simu za Apple, huzikataa kabisa kuki za tovuti iliyowekwa ndani ya tovuti nyingine, kwa sababu wafanyabiashara wa matangazo walikuwa wakizitumia kuwafuata watu kutoka ukurasa hadi ukurasa. Ndiyo sababu mzazi mwenye simu ya namna hiyo aweza kuingia ndani vizuri, akafungua ukurasa wa pili, akajikuta amerudishwa mlangoni.

Katika Chama chetu zilitoka rai tatu. Ya kwanza ndiyo iliyopigiwa makofi mengi, nayo ndiyo mbaya kuliko zote. Mwenzetu mmoja alisema: mzazi akiandika neno lake la siri nje, tovuti ya shule ilichukue ilipeleke ndani, daftari la alama nalo lifunguke. Ni rahisi, mzazi haoni kitu, na kazi yake ni ya siku moja tu. Lakini tufikiri maana yake. Kwanza, tovuti ya shule itabidi ilitunze neno lenyewe kama lilivyo, ili iweze kulipeleka, na hali kazi njema ni kutolitunza kabisa. Seva yenye adabu hulisaga neno la siri likawa msururu wa herufi usioweza kurudishwa nyuma, ikahifadhi huo msururu tu. Mzazi akija tena, neno lake husagwa tena na unga ukalinganishwa na unga. Pili, waliotengeneza daftari la alama watakuwa na neno la siri la kila mzazi wa shule hii. Na ninyi nyote mwajua, ijapokuwa twahubiriwa kila siku, kwamba neno la siri la mzazi ni moja kwa mambo yake yote, na mara nyingi ni mwaka aliozaliwa mtoto wa kwanza.

Rai ya pili ilikuwa kuzipa tovuti na daftari jina moja la ukoo, ili kuki moja itumike kotekote. Hiyo yawezekana, na kama vyote viwili vingekuwa mali ya shule na kutunzwa na shule nisingebisha. Lakini daftari ni la watu wengine. Kuki ya nje hufungua kila kilichoko nje, pamoja na kumbukumbu za michango ya wazazi na barua wanazoandikiana na walimu. Kwa nini mtunza alama apate kuyaona hayo?

Rai ya tatu, ambayo mimi naiunga mkono, ni ya tiketi. Kwa bahati njema hatuna haja ya kwenda mbali kuieleza, kwa kuwa kila nyumba yenye umeme wa TANESCO wa kulipia kabla yaijua. Ni tokeni ya LUKU.

Itazameni vizuri tokeni ile. Mama akilipa kwa simu hupewa tarakimu 20. Akiziingiza katika mita yake, umeme huja. Jirani akizinakili na kuziingiza katika mita yake, mita hukataa. Mama mwenyewe akiziingiza mara ya pili, mita hukataa. Kwa nini? Kwa sababu ndani ya tarakimu zile mmefichwa kiasi cha uniti na wakati tokeni ilipotolewa, kisha vyote vikafungwa kwa ufunguo wa mita ile moja tu. Mita haina waya wa kuuliza ofisini. Yaifungua tokeni kwa ufunguo wake yenyewe, yatazama wakati, na yakumbuka zile ilizokwisha kuzipokea. Nanyi mtakumbuka usumbufu wa mwaka 2024, wateja walipotakiwa kuingiza kwanza tarakimu nyingine za kubadili ufunguo wa mita kabla ya kuingiza za umeme. Sababu yake ilikuwa wakati huohuo niliousema. Mita za namna hii zilikuwa zikihesabu dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993, na nafasi ya hesabu hiyo ndani ya tokeni yatosha dakika 16,777,216 tu, ambazo zilikuwa zinamalizika tarehe 24 Novemba 2024. Mwalimu wetu wa Hisabati alitupa tuigawe wenyewe, tukapata kama miaka 31 na miezi 11. Niliipenda hesabu ile kuliko zote za muhula ule.

Mwaona basi kwamba tokeni ya LUKU si ufunguo wa ofisi ya TANESCO, wala haimpi mtu habari zote za mama. Yasema jambo moja kwa mita moja, mara moja. Na tiketi ya kumwingiza mzazi katika daftari la alama ifanywe vivyo hivyo. Mzazi huandika neno lake la siri nje tu, kwenye tovuti ya shule. Abonyezapo Maendeleo ya Mwanafunzi, seva ya shule huandika karatasi fupi isiyoonekana: huyu ni mzazi namba fulani, ruhusa yake ni kusoma alama za mwanafunzi fulani, imetolewa saa fulani, yaisha baada ya dakika tano. Chini huipiga muhuri. Muhuri huo si wa wino. Ni hesabu iliyofanywa kwa siri ambayo ni ya seva ya shule peke yake, na daftari la alama hupewa njia ya kuuhakiki bila uwezo wa kuutengeneza. Mtu akibadili herufi moja tu katika karatasi, muhuri haulingani tena. Daftari husoma, huhakiki, humfungulia. Neno la siri halikutoka nje ya shule.

Sisi wa bwenini twaijua desturi hii. Mwanafunzi akitaka kwenda mjini hupewa karatasi ya ruhusa yenye jina lake, aendako, saa ya kurudi, na sahihi ya mwalimu wa zamu. Mlinzi wa geti haombi apewe funguo za ofisi ya mwalimu ndipo aamini. Asoma karatasi, atazama saa, afungua geti.

Tena jambo hili si ndoto ya Chama chetu. Huko China, kampuni yenye WeChat ilianza Januari 2017 kuweka programu ndogo ndogo ndani ya programu yake kubwa, na leo Mchina hununua tiketi ya gari na kuagiza chakula humohumo bila kujiandikisha upya kila duka. Programu ndogo ikitaka kujua ni nani aliyeifungua, hupewa namba ya muda inayodumu dakika 5 na kutumika mara moja tu. Seva yake huipeleka namba hiyo kwa WeChat, nayo hujibiwa kwa namba ya kudumu ya mteja huyo. Kinachonifurahisha mimi ni kwamba mteja mmoja hupewa namba tofauti kwa kila programu ndogo, hata wenye maduka mawili wakikutanisha vitabu vyao hawawezi kwa namba hizo kujua kwamba mteja wao ni mmoja. Karibu na kwetu, Safaricom ya Kenya ilitoa programu mpya ya M-Pesa mwezi Juni 2021 yenye vijiduka vya namna hiyo ndani yake. Mtu hulipa humo, naye namba yake ya siri huiandika kwa M-Pesa wala si kwa mwenye duka.

Hata hivyo tiketi peke yake haitoshi, na kuna kisa ambacho wenzangu wote wa rai ya tatu ningependa wakijue. Mwezi Septemba 2018 kampuni ya Facebook iligundua kwamba tokeni za kuingilia za watu wake zimeibiwa. Kwanza ilisema watu karibu milioni 50, na baada ya uchunguzi ikasema milioni 30. Hakuna neno la siri lililoibiwa. Palikuwa na ukurasa ambao mtu aliweza kuutazama wasifu wake kama mwingine auonavyo. Ndani ya ukurasa huo kwa makosa kilitokea kijiprogramu cha kupakia video, na hicho kijiprogramu kilitoa tokeni. Tokeni yenyewe haikuwa ya yule anayetazama, bali ya yule ambaye alijifanya anatazama kwa macho yake! Tena haikuwa tokeni ya kupakia video tu, bali yenye nguvu zote za programu ya simu ya Facebook. Angalieni makosa mawili yalivyokutana hapa. Programu ya ndani ilitoa tiketi kwa jina la mtu asiyehusika, na tiketi hiyo ilikuwa na nguvu kupita haja. Kwetu sisi ingekuwa ni mzazi wa Kidato cha Kwanza kufungua daftari akajikuta anasoma, au hata anajibu barua, kama mzazi wa mwingine. Ndiyo maana nasisitiza kwamba tiketi itaje mwanafunzi mmoja, na iseme kusoma tu.

Nimebakiwa na hoja moja ya wapinzani ambayo ni nzito, nami siwezi kuipita kando. Wao wasema: mlango ukiwa mmoja, ukizibwa, wote mmefungiwa nje. Jambo hili liliwapata jirani zetu wa ng'ambo ya Horohoro. Kenya ina eCitizen, iliyoanza mwaka 2014, ambapo raia hujiandikisha mara moja na kwa jina hilohilo akapata huduma za idara nyingi. Tarehe 30 Juni 2023 Rais William Ruto alitangaza kwamba huduma zilizomo zimepita 5,000. Haukupita mwezi. Tarehe 27 Julai 2023 kundi lililojiita Anonymous Sudan liliushambulia mlango huo kwa kuupelekea maombi ya uongo mengi mno, hata watu wa kweli wasipate njia. Aliyetaka pasipoti, aliyetaka leseni ya udereva, aliyetaka kiti katika treni ya kwenda Mombasa, wote waliona taabu, na serikali ikaagiza wageni waliokwama kwa viza wapewe wafikapo. Waziri Eliud Owalo alikiri shambulio na kusema hakuna taarifa zilizopotea. Mwezi Oktoba 2024 serikali ya Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili wa Sudan kwa kuliendesha kundi hilo.

Wapinzani wetu wakikitaja kisa hiki hukaa chini kwa fahari kana kwamba mjadala umekwisha. Mimi nakubali kwamba mlango mmoja waweza kuzibwa. Lakini kisa chenyewe hakionyeshi kwamba tiketi ni mbaya. Chaonyesha kwamba haifai kuubomoa mlango wa zamani siku ile ulipofunguliwa mpya. Ripoti ya karatasi yenye muhuri wa shule iendelee kutolewa kila tunapofunga, na mwalimu wa darasa aendelee kupokea simu ya mzazi asiye na simu ya kisasa, ambaye yupo, na atakuwapo miaka mingi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi wa wenzangu hawatalipenda. Ni nani asiyejua kwamba neno la siri la mama huko nyumbani hutungwa na mtoto? Mzazi hununua simu, mtoto huiwasha, huandikisha kila kitu, hutunga neno na kulikumbuka yeye. Basi katika mpango wa kuingia mara moja, mwanafunzi aliyetunga neno la siri la baba yake ataweza kuingia nje kama baba, kupewa tiketi kama baba, kusoma onyo la mwalimu wa nidhamu kama baba, na kulijibu kwa heshima kubwa, "Nimepokea, Mwalimu, nitamkanya." Tusicheke. Kwa maneno mawili ya siri udanganyifu huo ulikuwa mgumu kidogo. Kwa neno moja utakuwa rahisi. Kwa hiyo naona mwanafunzi apewe njia yake mwenyewe ya kuziona alama zake, kwa namba yake ya uandikishaji na neno lake, na tiketi yake iseme mwanafunzi. Alama ni zake, haina maana afichwe. Mtu akiwa na mlango wake halali hana sababu kubwa ya kupita kwa mlango wa baba. Na neno la mzazi lisianzishwe kwa simu iliyo mikononi mwetu, bali mzazi alitunge yeye mwenyewe siku ya mkutano, mbele ya mwalimu, akiwa na simu yake.

Wako waliosema katika Chama kwamba haya ni mambo madogo ya shule, alama za watoto si siri za dola. Hao nawakumbusha kwamba tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Aprili 2024. Sheria hiyo yataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kazi inayojulikana na zitunzwe kwa usalama, na haikusema kwamba mtoto wa shule si mtu. Mwenzetu aliyeshindwa mtihani ana haki ya kuliona jambo hilo yeye na wazazi wake kabla halijafika sokoni Mgandini.

Na hili lanirudisha kwenye duka la steshenari, maana wazazi wataendelea kwenda huko hata tukiwa na tiketi zilizo njema kuliko zote. Kuna kasoro moja ambayo haionekani mpaka mtu aijaribu. Mzazi akimaliza hubonyeza Toka kwenye tovuti ya shule, akaondoka akidhani amefunga. Nje kweli kumefungwa. Lakini daftari la alama, baada ya kuipokea tiketi, lilikuwa limempa mzazi kuki yake lenyewe, na kuki hiyo haijui kwamba nje kumefungwa. Mteja anayefuata akikaa katika kiti kilekile na kufungua ukurasa wa alama, aweza kuyakuta majina yetu yanamngoja. Tulilijaribu hili chumbani kwa mashine kwa majina ya kubuni, na likatokea mara zote. Kulirekebisha si kazi kubwa: anayetoka nje, seva ya shule ilipelekee daftari habari ifunge nalo, na kwa vyovyote daftari lijifunge lenyewe mtu akikaa robo saa bila kugusa kitu. Lakini aliyetengeneza hafanyi asichoombwa.

Katika mkutano wa wazazi mtaletewa karatasi ya kukubali daftari la alama liendelee mwaka ujao. Nawaomba wazee wetu, kabla ya kutia sahihi, mwulizeni mwenye daftari mambo mawili: tiketi yake yadumu muda gani, na je, mzazi akifunga nje, ndani kwafungwa? Akijibu, mwambieni aonyeshe palepale mbele yenu, kwa simu ya mmoja wenu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne,
Chama cha Kompyuta